Plastiki Hupasuka Kule Ilikovutwa

Roli saba za mifuko zilirudishwa zikiwa zimefungwa vilevile tulivyozifunga sisi, na kwenye mojawapo mteja alikuwa amebandika mfuko uliopasuka. Haukuchanika ovyo. Mpasuko ulianzia mdomoni ukashuka hadi chini bila kupinda, utadhani mtu kaupitishia wembe huku akifuata rula.

Nilikuwa na miezi minane tu katika chumba cha vipimo cha kiwanda kimoja cha mifuko, na kazi yangu kubwa ilikuwa kupima unene. Nilikuwa na maikromita, daftari, na imani isiyotikisika kwamba mfuko mnene ndio mfuko imara. Nikaupima ule uliorudi: mikroni 15 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), hapa 14, pale 16, kama ulivyoagizwa. Kosa sikuliona. Wakubwa wa kiwanda nao walikuwa na imani ileile yangu. Mfuko unapasuka? Uongezwe unene. Likatoka agizo la mikroni 20, likabandikwa ubaoni, na kila mfuko ukaanza kula theluthi moja zaidi ya malighafi. Wiki mbili baadaye mifuko mipya nayo ikarudi. Ilikuwa imepasuka kwa mstari uleule ulionyooka, tofauti yake ni kwamba sasa mpasuaji alitoa jasho kidogo.

Hapo ndipo nilipokwenda kwa mzee wa zamu ya usiku, ambaye sisi sote tulimwita Fundi.

“Shikamoo Fundi.”

“Marahaba. Lete hicho kipande.”

Hakuuliza unene. Alikata kipande cha mraba, akakikata kidogo kwa ukucha pembeni, akakichana kufuata urefu wa roli. Kilifunguka kwa sauti laini ya *sss*, mara moja, bila ubishi. Kisha akageuza, akakikata tena kidogo, akajaribu kukichana kwa upana. Safari hii plastiki ilikataa. Ilinyooka, ikawa nyeupe pale ilipovutwa, ikatoa vinywele, halafu mpasuko ukageuza njia wenyewe ukarudi kufuata urefu kama mbuzi aliyekumbuka zizi lake.

“Unene umeupima,” akasema. “Mwelekeo je?”

“Mwelekeo wa nini, Fundi?”

Alinitazama kwa huruma, akanirudishia kipande.

Miaka imepita, na swali lile ndilo limenifanya niandike leo, maana bado nakutana na watu wa ununuzi na hata wahandisi wanaoagiza plastiki kwa vitu viwili tu: aina ya malighafi na idadi ya mikroni. Hivyo viwili haviwaambii kama mfuko utapasuka. Kuna kitu cha tatu ambacho hakiandikwi kwenye gunia la punje za plastiki wala hakionekani kwenye maikromita, nacho ni jinsi plastiki ilivyovutwa na muda iliopata kabla ya kuganda. (Vitabuni karatasi hii nyembamba ya plastiki huitwa filamu. Mimi nikisema filamu watu huniuliza mwigizaji mkuu ni nani, kwa hiyo hapa nitasema utando.)

Tuanzie kwenye molekuli. Polietilini, plastiki ya mifuko yetu, ni mnyororo wa atomu za kaboni, moja baada ya nyingine, na kila kaboni imebeba hidrojeni mbili. Chukua mnyororo wa kaboni 10,000, wa kawaida kabisa katika mfuko. Ukiunyoosha wote unapata urefu wa mikroni 1.27 hivi, yaani minyororo kumi na miwili ikipangwa kichwa kwa mkia ingefikisha unene wa mfuko wetu. Lakini plastiki iliyoyeyuka haina mnyororo ulionyooka. Joto linautikisa kila upande, nao unajisokota kwa bahati nasibu hadi unakuwa donge la nanomita 40 tu (nanomita ni sehemu moja ya elfu ya mikroni). Ukitaka kuuona kwa macho, fikiria uzi wa unene wa milimita moja, wenye urefu wa karibu mita tatu, umejisokota ukawa kitu kisichozidi ngumi yako. Sasa jaza chumba kizima kwa ngumi za namna hiyo, kila moja ikiwa imepenya ndani ya jirani zake.

Rundo hilo halina mbele wala nyuma. Likiganda jinsi lilivyo, utando wake ungechanika sawasawa kila upande. Ila hakuna mashine inayoliacha ligande jinsi lilivyo. Ili milimita moja na ushei ya uji mzito iwe mikroni 15, ni lazima uivute, na ukiivuta minyororo inaanza kulala kuelekea kule inakovutwa, kama nywele zilizofumana zinapokutana na kitana. Ukiacha kuvuta wakati plastiki bado ina moto, inajisokota tena. Kwa hiyo ndani ya mashine kuna mbio za watatu: mvuto unanyoosha, joto linasokota upya, na baridi inakuja kufunga mlango. Atakayekuwa mbele wakati mlango unafungwa ndiye atakayekaa humo hadi mfuko utakapofika jalalani.

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Kwa plastiki methali hiyo ni nusu ya habari. Samaki huyu ukimkunja akiwa mbichi mno anajikunjua mwenyewe. Inabidi umkunje pale anapokaribia kukauka.

Kwa nini mwelekeo huo uwe na nguvu kubwa hivyo? Kwa sababu ndani ya plastiki kuna mishiko ya aina mbili isiyolingana hata kidogo. Kufuata mnyororo, kaboni imeshikana na kaboni kwa kifungo halisi cha kikemia. Kati ya mnyororo na jirani yake hakuna kifungo, kuna mvuto hafifu tu wa vitu vilivyolala karibu. Fuwele ya polietilini ikivutwa kufuata minyororo yake ina ukakamavu wa zaidi ya gigapaskali 200, daraja moja na chuma cha pua, ilhali kipande cha kawaida cha polietilini nzito (aina tuliyoitumia kwa mifuko yetu), kilichosokoteka kila upande, kina kama gigapaskali moja tu. Ni kitu kilekile kikemia. Watengenezaji wa nyuzi za kamba za meli na fulana za kuzuia risasi hutumia polietilini yenye minyororo mirefu mno, wakaivuta hadi karibu yote imenyooka, na wanapata zaidi ya gigapaskali 100. Malighafi hiyo ni ndugu wa ile ya mfuko wa takataka.

Bei ya nguvu hiyo inalipwa upande wa pili. Minyororo yote ikilala kwa urefu, kuukata utando kwa upana kunadai kuvunja vifungo vya kaboni, lakini kuupasua kwa urefu ni kutenganisha majirani tu. Mpasuaji kuni anajua jambo hili bila darasa.

Kuna utata kidogo hapa, na ninautaja kwa sababu uliniburudisha nilipoukuta. Polietilini ikipoa haigandi kama glasi, inatengeneza fuwele, na fuwele hizo ni vibao vyembamba vya unene wa nanomita kumi hivi ambamo mnyororo unakunjwa mbele na nyuma. Mwaka 1967 Andrew Keller wa Bristol, Uingereza, na mwenzake Machin walieleza kinachotokea plastiki inapoganda huku ikivutwa. Minyororo michache iliyonyooka sana hutangulia kuganda ikawa kama kijiti, kisha vibao vinaota kuzunguka kijiti hicho, kimoja baada ya kingine. Wanasayansi wanauita muundo huo mshikaki. Sitanii, ndilo jina lake katika majarida. Mvuto ukiwa mkali vibao vinasimama wima juu ya kijiti, na minyororo iliyomo inafuata urefu wa mashine. Mvuto ukiwa mpole vibao vinajipinda kama parafujo kadiri vinavyokua, na minyororo yake inaelekea huku na kule. Kwa hiyo tando mbili zilizovutwa kwa viwango tofauti hazitofautiani kwa wingi wa mwelekeo peke yake. Zinaweza kutofautiana hata kwa namna zilivyojengwa.

Basi nilirudi chumbani kwangu na swali la Fundi. Mwelekeo unapimwaje na mtu ambaye hana mashine ya eksirei?

Njia ya kwanza niliipata kwa bahati. Nilikuwa na miwani ya jua ya aina ile inayokata mng'ao, nami nimekaa mbele ya skrini ya LCD ya kompyuta yenye ukurasa mweupe. Mwanga wa skrini ya namna hiyo hutikisika katika upande mmoja tu, na miwani nayo hupitisha mtikisiko wa upande mmoja. Ukiinamisha kichwa hadi pande hizo mbili zikatane, skrini inazimika. Nikashika kipande cha mfuko katikati ya miwani na skrini iliyozimika, na giza likafunguka. Pale palipokuwa na plastiki paliwaka weupe wa kijivu. Nikakizungusha polepole: kila robo ya mzunguko kinang'aa mara moja na kuzima mara moja. Kinachotokea ni kwamba mwanga unaotikisika sambamba na minyororo husafiri polepole kidogo kuliko ule unaoikata, na tofauti hiyo ndiyo inayougeuza mwanga ukapita. Utando usio na mwelekeo hubaki mweusi ukiuzungusha upendavyo.

Selotepu ni nzuri zaidi kwa mchezo huu. Bandika tabaka moja kwenye kipande cha kioo, kisha la pili juu yake, la tatu, la nne, ukizipishanisha kama ngazi. Ukiziweka kwa mshazari kati ya skrini na miwani utaona njano, zambarau, bluu, kijani, kila daraja na rangi yake, ingawa ukiivua miwani huoni chochote zaidi ya selotepu ya kawaida. Mtoto wa dada yangu alimaliza roli nzima.

Baadaye nilisoma kitu kilichonichekesha. Ule utando ulio ndani ya miwani, unaochuja mwanga, nao ni plastiki iliyovutwa. Mwaka 1938 Edwin Land alitengeneza kichujio kwa kuvuta karatasi ya polivinili alkoholi hadi minyororo yake ikalala upande mmoja, kisha akaipaka iodini, ambayo hujipanga kufuata minyororo hiyo na kumeza mwanga unaotikisika sambamba nayo. Vichujio vya skrini za LCD vimetengenezwa kwa wazo hilohilo. Yaani mle chumbani nilikuwa natazama plastiki iliyovutwa kupitia plastiki iliyovutwa, nikiangaziwa na plastiki iliyovutwa.

Njia ya miwani ina mtego mmoja. Utando uliovutwa sawasawa kwa urefu na kwa upana nao hubaki mweusi, maana pande zote mbili zinauchelewesha mwanga kwa kiasi kimoja. Ukitegemea miwani peke yake utasema haukuvutwa, kumbe umevutwa kweli kweli. Hapo ndipo jiko linapokuja.

Jaribio la jiko ndilo ninalolipenda kuliko yote. Chora duara la kipenyo cha sentimita 10 kwenye utando kwa kalamu ya wino usiofutika, na mshale unaoonyesha urefu wa roli. Nyunyiza ungaunga wa talki kwenye sinia ya chuma ili plastiki isigande nayo, laza kipande juu, na uingize kwenye joto la nyuzi 140. Polietilini nzito huyeyuka karibu na nyuzi 130, kwa hiyo fuwele zinaachia, na minyororo iliyofungiwa ikiwa imenyooka inapata ruhusa ya kujisokota tena. Inachukua sekunde chache tu. Utando unatetemeka, unajikunja, unanenepa, na duara lako linageuka mbele ya macho. Likibaki duara, dogo kuliko lilivyokuwa, basi ulivutwa sawasawa. Likiwa duaradufu, upande uliosinyaa zaidi ndio uliovutwa zaidi.

Langu lilisinyaa kwa urefu hadi likabaki chini ya nusu. Kwa upana lilipungua kiasi cha kuhitaji rula kuliona.

Kanuni ni ileile ya rababendi. Vuta rababendi haraka huku umeigusisha na mdomo, utahisi inapata joto. John Gough wa Uingereza aliliandika hilo tangu 1805, akaeleza pia kwamba mpira uliovutwa husinyaa ukipashwa moto badala ya kutanuka. Hakuna springi iliyojificha ndani. Mnyororo unarudi kusokoteka kwa sababu namna za kusokoteka ni nyingi mno na namna ya kunyooka ni moja. Ule utando unaobana chupa katika vifurushi hufanya kazi hivyohivyo: umevutwa, ukagandishwa ukiwa umevutwa, na hewa ya moto inaufungua.

Kabla sijarudi kwenye roli zetu, niseme kitu kuhusu upande mwingine wa fani hii, maana mifuko yetu ilivutwa ikiwa bado imeyeyuka, na hiyo ndiyo njia hafifu ya kulaza minyororo; joto linakunyang'anya nusu ya kazi. Waliotaka nguvu hasa huvuta plastiki ikiwa imeshaganda. Unaweza kuliona hili mikononi. Kata ukanda wa upana wa vidole viwili kutoka kwenye mfuko, vuta ncha zake polepole. Kwanza hakitokei kitu. Kisha mahali fulani ukanda unajibana ukawa na kiuno, na badala ya kukatika pale palipokuwa pembamba, kiuno kinasafiri, kinaumeza ukanda kutoka pande zote mbili. Palipopitiwa na kiuno pamekuwa pagumu kuliko mwanzo. Ndiyo maana hapakatiki.

Mwaka 1930 Julian Hill, katika maabara ya Wallace Carothers kwenye kampuni ya DuPont, Marekani, alichovya kijiti katika polyesta iliyoyeyuka, akavuta uzi, na uzi ulipopoa akagundua kwamba unavutika tena mara kadhaa ya urefu wake na kuwa imara. Inasimuliwa kwamba wenzake walikimbia nao ukumbini kuona utafika wapi. Polyesta ile haikufaa sokoni, iliyeyuka kwa joto dogo mno, lakini kuvuta baada ya kupoa ndiko kulikoipa nailoni nguvu zake miaka michache baadaye. (Nasi tukaja kuita kila mfuko mwepesi nailoni, hata ule ambao haujawahi kuwa nayo hata chembe. Nimeacha kusahihisha watu.)

Utando wa selotepu unatokana na mlolongo huohuo uliogeuzwa kuwa kiwanda. Polipropilini hutoka kwenye mashine kama karatasi nene, hugandishwa juu ya rola baridi, kisha hupashwa tena bila kuyeyushwa. Rola za mbele huzunguka mara tano haraka kuliko za nyuma, na karatasi inarefuka mara tano. Halafu vibanio vilivyofungwa kwenye minyororo ya chuma hushika kingo zake mbili na kutembea vikiachana ndani ya tanuri refu, hadi upana umeongezeka kama mara tisa. Tano mara tisa ni 45: karatasi ya milimita 0.9 inakuwa utando wa mikroni 20. Ndio ule mwangavu unaolia kra-kra ukiukunja. Kuanza kuuchana bila meno wala mkasi ni mateso, lakini ukiutia jeraha dogo tu pembeni unakimbia moja kwa moja. Mwishoni, vibanio vikiwa bado vimeushika, unapigwa joto kali ili fuwele zijipange upya zikiwa zimenyooka, usije ukasinyaa baadaye. Polyesta hufanyiwa vivyo hivyo, mara tatu hadi nne kila upande.

Unataka kujua mikroni chache zinaweza nini zikivutwa vizuri? Tarehe 12 Agosti 1960 Marekani ilirusha angani Echo 1, puto la kipenyo cha mita 30 lililokuwa likirudisha mawimbi ya redio ardhini. Ngozi yake ilikuwa polyesta iliyovutwa pande mbili na kupakwa alumini, ya unene wa mikroni 12.7. Mfuko wangu uliopasuka ulikuwa mnene kuliko setilaiti.

Sasa roli zetu. Chumba cha vipimo hutunza sampuli ya kila kundi lililozalishwa, na mimi nilikuwa nazilalamikia kabati zile kwa kunijazia nafasi. Nikatoa sampuli ya miezi sita nyuma: malighafi ileile, mikroni 15 zilezile, upana uleule. Nikachora duara, nikaingiza jikoni. Ikatoka na umbo lililokaribia mviringo, imesinyaa pande zote mbili. Basi malighafi haikuwa na hatia, wala unene. Kuna kitu kilibadilika kwenye mashine.

Nilikipata kwenye daftari la matengenezo, mstari mmoja tu: dai ya milimita 75 imeondolewa, imewekwa ya 150. Dai siyo dai la deni. Ndivyo mafundi tunavyokiita kile kinywa cha chuma cha mviringo ambacho plastiki iliyoyeyuka hutokea kama bomba, kisha bomba hilo linapulizwa hewa ndani likawa puto refu, linapanda juu hadi kwenye rola mbili zinazolibana na kulivuta. Dai kubwa hutoa kilo nyingi zaidi kwa saa. Mtu aliyeibadilisha alikuwa ameongeza uzalishaji, akapongezwa, na alistahili kupongezwa kwa kile alichoombwa.

Nikachukua kalamu. Mfuko uliolazwa ulikuwa na upana wa sentimita 47, yaani mzunguko wa puto ni sentimita 94. Mzunguko wa dai ya milimita 75 ni sentimita 23.6, kwa hiyo puto lilikuwa likitanuliwa mara nne kwa upana. Mzunguko wa dai ya 150 ni sentimita 47, kwa hiyo sasa lilitanuliwa mara mbili tu. Mwanya wa dai zote mbili, yaani ule upenyo ambao plastiki hutokea, ulikuwa milimita 1.2. Kutoka milimita 1.2 kufika mikroni 15 ni kupungua mara 80, tukiacha tofauti ndogo ya msongamano kati ya uji na kitu kilichoganda. Na 80 hizo lazima zitoke mahali. Zamani zilikuwa nne kwa upana na 20 kwa urefu. Sasa zilikuwa mbili kwa upana na 40 kwa urefu.

Niliandika pia hesabu ya agizo la ubaoni. Mikroni 20 ni kupungua mara 60: mbili kwa upana, 30 kwa urefu. Theluthi nzima ya malighafi ilikuwa imetununulia kushuka kutoka 40 hadi 30, wakati dai ya zamani, bila kuongeza chembe ya plastiki, ilikuwa 20.

Fundi alisoma karatasi ile akiwa amesimama, akaongeza kitu ambacho hesabu yangu ilikikosa. Polietilini nzito haipulizwi mara tu inapotoka kinywani. Huachwa ipande kwanza ikiwa nyembamba kama shingo ya mtungi, ndipo itanuke ghafla juu, karibu na mstari wa kuganda, ule ukungu mweupe unaozunguka puto mahali fuwele zinapoanza. Shingo ni mahali pa kusahau. Mvuto wa urefu unapata muda wa kulegea, kisha mtanuko wa upana unakuja dakika ya mwisho na kugandishwa nao ukiwa bado mbichi. Mafundi hutaka shingo ya urefu wa mara sita hadi kumi ya kipenyo cha dai.

“Yetu ni sentimita 60,” alisema. “Haijaguswa.”

Ilikuwa kweli haijaguswa. Sentimita 60 juu ya dai ya 75 ni mara nane. Juu ya dai ya 150 ni mara nne. Alama ya rangi nyekundu iliyowekwa kwenye fremu ili kila zamu ijue puto litanukie wapi ilikuwa ingali pale, ikituelekeza kwa uaminifu mahali pasipofaa.

Ilichukua wiki tatu dai ya zamani kurudishwa, kwa kuwa kurudisha dai ndogo ni kukubali kilo chache kwa saa, na hesabu hiyo ilibidi ipande ngazi kadhaa kabla ya kushuka ikiwa na saini. Unene ukarudi mikroni 15. Sampuli ya kwanza niliichana kabla hata ya kuipima. Kwa urefu ilipasuka kwa kusitasita, ikivutika njiani; kwa upana ilikuwa ngumu kidogo zaidi, lakini mpasuko haukugeuza njia. Miduara niliyoichoma siku ile nimeibandika kwenye daftari langu, ya mbaya na ya nzuri ukurasa mmoja, ingawa ile mbaya imekauka na kuvunjika ncha moja.

Shingo ndefu ina adha yake. Puto linalopanda juu ya shingo nyembamba iliyo laini hucheza kwa upepo mdogo tu, na likicheza, upande mmoja wa utando unatoka mnene na mwingine mwembamba. Mlango wa nyuma, ule wa karibu na mashine yetu, ulifungwa kwa kufuli. Tangu hapo kila aliyetaka kwenda chooni alilazimika kuzunguka jengo zima, na kila aliyeuliza sababu aliambiwa akamwulize yule wa chumba cha vipimo.